Mnajua shimo la Arizona, la shosho hamlijui

Wasee wa Nyeri, Karatina na Nanyuki, tuongee ukweli. Kila wiki mnatumiana video za vituo vya makombora vilivyochimbwa chini ya ardhi huko Marekani. Kimoja ni kile cha Titan II karibu na Tucson, Arizona. Kilikaa tayari miaka mingi ya Vita Baridi, hakikurushia adui kombora hata moja, na tangu 1986 ni makumbusho. Watu wanalipa kushuka kuangalia shimo ambalo halikupigana na mtu!

Na shimo letu je?

Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, Waingereza waliamua kutenga msitu na vijiji ili Mau Mau wakose chakula. Wakalazimisha raia kuchimba handaki la takriban maili 50 pembezoni mwa msitu wa Mlima Kenya, ndani yake wakasimamisha miti iliyochongwa ncha. Kina mama walichimba bila malipo, ngati wamesimama juu yao na silaha. Na hapa tu Mweiga, ndege za Harvard zilikuwa zinapaa kwenda kudondosha mabomu Aberdare. Hii si muvi, bana. Hawa ni shosho zetu.

Najua kuna mtu atasema, "Hiyo ni historia, sisi tunatafuta pesa." Poa. Waambie hivyo wanaouza tiketi Arizona.

Mwingine atasema tusifukue nani alikuwa ngati na nani alikuwa msituni, majirani watakosana. Hiyo hofu naielewa. Lakini kimya chetu kinamfaa nani? Kinamfaa aliyetoa amri, si aliyeshika jembe.

Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa kesi ya Wakenya 5,228 walioteswa. Wazee walifika hapo kwa sababu walikataa kunyamaza. Sasa hesabu: aliyechimba handaki akiwa na miaka 15 mwaka 1954 ameshapita 80.

Kwa hivyo kaunti zetu zichore ramani ya hilo handaki lote na kuweka vibao, kabla halijawa shamba la viazi. Na wewe usingoje kaunti, simu unayo. Wikendi hii keti na shosho au guka, washa rekodi, uliza: "Mlichimbishwa wapi?"

Arizona itangoja. Shosho hatangoja.