Jumamosi zote za watu, ya kwenu lini?

Usiku wa Alhamisi, mume na mke wakazi wa Chumbageni, jijini Tanga, walikaa sebuleni wakiwa na kadi nne mezani. Mbili za harusi, moja ya sendofu na moja ya akika. Zote za mwezi huohuo.

Walipojumlisha michango, vitambaa vya sare, ushonaji na nauli, hesabu ilipita Sh200,000. Mtoto wao wa pili alikuwa bado anadaiwa fedha za masomo ya ziada.

Hata hivyo, swali alilouliza mke halikuwa la pesa. “Baba watoto, mara ya mwisho mimi na wewe tumetoka bila kadi ilikuwa lini?”

Mume alifikiri kwa muda. Alichokumbuka ni siku waliyokwenda Raskazone kuogelea, mkewe akiwa na mimba ya kwanza. Mtoto huyo sasa yuko darasa la sita.

Wazazi wengi wa Pwani watajiona hapo. Huku kwetu shughuli ni deni: leo unakwenda kwa mwenzio, kesho anakuja kwako. Anayezikwepa huambiwa ana majivuno, na siku yake ikifika hukuta mikeka mitupu. Kwa hiyo hakuna anayewashauri wanandoa waache kwenda kwa watu.

Tatizo ni kwamba kwenye shughuli mke na mume hutoka pamoja lakini hawakai pamoja. Mke yuko kwenye masufuria ya pilau tangu alfajiri, au amekaa na wanawake wenzake wa sare moja. Mume yuko na kamati, anahesabu soda na kutafuta gari la kuwarudisha wazee. Wakifika nyumbani usiku, mmoja ameshalala kabla mwenzake hajavua viatu.

Wanandoa wale waliamua Jumapili moja kila mwezi iwe yao. Ya kwanza haikuanza vizuri. Walifika Raskazone saa nne asubuhi, siku mbili baada ya mwezi mpevu, wakakuta maji yamekupwa. Mama muuza mihogo aliwacheka: “Bamvua hili wanangu, rudini alasiri.”

Alikuwa sahihi. Kwenye mwambao huu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi alasiri na kupwa mnamo saa nne asubuhi. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, saa hizo hugeuka. Anayepanga kuogelea autazame mwezi kwanza.

Basi wakanunua mihogo ya kukaanga na madafu, wakapanda bajaji hadi Bustani ya Jamhuri. Walikaa kivulini, mbele yao bandari na Kisiwa cha Toten. Saa ya kwanza walizungumza habari za watoto tu, maana hawakuwa na mazoea ya mazungumzo mengine.

Ndipo mke akasema alichokificha kwa miezi mitano. Alikuwa anadaiwa Sh180,000 kwenye kikoba. Alizikopa kwa ajili ya sare na michango, kwa sababu aliona aibu kumwomba mumewe kila wiki.

Mume alinyamaza, kisha naye akasema lake: alikopa kwa mfanyakazi mwenzake ili atimize ahadi aliyoitoa mbele ya kamati ya harusi. Wote wawili walikuwa na deni la kusherehekea ndoa za watu, na kila mmoja alikuwa akimficha mwenzake.

Nyumbani maneno hayo yasingetoka. Kuna watoto, kuna wageni, kuna televisheni. Mara nyingi watu wa nyumba moja hukosa mahali pa kuzungumza, ingawa penzi lipo.

Kabla ya kuondoka walikubaliana mambo matatu. Kwanza, shughuli za ndugu wa karibu na majirani wa mlango kwa mlango watakwenda wote na kuchangia. Kwa nyingine, ataenda mmoja, au watatuma mchango mdogo mapema. Pili, fungu la michango litatengwa mwanzoni mwa mwezi, na likiisha limeisha. Tatu, Jumapili yao itawekwa alama kwenye kalenda kabla kadi hazijaanza kuingia.

La kwanza ndilo gumu. Kamati huwa hazipendi kusikia hapana. Lakini anayesema mapema na kwa heshima, “Safari hii uwezo wangu ni huu,” husamehewa haraka kuliko anayeahidi Sh100,000 kisha akazima simu.

Matembezi si lazima yawe ya gharama. Mapango ya Amboni yako kilometa 8 tu kutoka mjini, barabara ya kwenda Horohoro. Watoto wavae viatu vya kufunga, kwa kuwa ndani kuna giza na miamba. Magofu ya Tongoni, yenye msikiti na makaburi ya kale, yako kwenye barabara ya Pangani, na watoto wanaosoma historia watauliza maswali mengi.

Wenye akiba zaidi wanaweza kufika Pangani na kukodi boti kwenda Maziwe, kisiwa cha mchanga ambacho maji yakijaa hufunikwa. Kule huendwa maji yakipwa, kwa hiyo asubuhi ya bamvua iliyowaharibia wenzetu Raskazone ndiyo inayofaa.

Lakini angalau safari moja kati ya tatu iwe ya wawili bila watoto. Bibi au shangazi akiombwa vizuri hakatai kukaa nao hadi magharibi. Watoto nao hujifunza kitu wanapowaona baba na mama wakitoka wakiwa wamependeza, bila kwenda msibani wala hospitali.

Mwaka huu wanandoa wale walitimiza miaka 13 ya ndoa. Hawakuchapisha kadi wala kuchagua sare. Walitandika mkeka uani, wakala wali wa nazi na samaki wa kupaka pamoja na watoto na mama mzaa mke.

“Mbona hamkutangaza, mwanangu?” mama yule akamuuliza mkwewe.

“Mama, hii tuliitaka iwe ya kwetu,” alijibu.

Wiki hiyo mke alikuwa amemaliza deni la kikoba. Mezani kulikuwa na kadi mbili za mwezi unaofuata. Walizisoma pamoja, wakakubaliana ipi wataenda wote na ipi ataenda mmoja.