Acheni kuidharau krosova, kule Ukambani inajua kazi yake

Kuna hoja moja nimeichoka. Nimeisikia kazini, nimeisikia matangani, nimeisikia hata kwa makanika ambaye angepaswa kujua zaidi. Inakwenda hivi: mwenye akili hununua Probox, mwenye pesa hununua Prado, na yule wa katikati, wa X-Trail, RAV4, Forester, CR-V au Mazda CX-5, amenunua maringo. Eti ni gari dogo lililovaa viatu virefu. Eti halina chesi. Eti wenyewe hufurahia tu kukaa juu na kutazama mapaa ya wenzao.

Haya, leo tubishane. Kazi yangu ni kuandika programu, kwa hiyo nitabishana kama mtu wa programu. Kama hupendi hesabu, vumilia, ziko chache.

Kwanza niwape haki yao. Ndiyo, krosova ni gari dogo lililoinuliwa. RAV4 ya kwanza ilipotoka Japani mwaka 1994 haikuwa na chesi ya lori chini yake. Bodi na fremu zilikuwa kitu kimoja, kama saluni yoyote. CR-V ikafuata 1995 ikiwa imejengwa juu ya Civic, Forester 1997 juu ya Impreza, X-Trail 2000. Hakuna aliyeficha jambo hilo. Wanaocheka wanadhani wamegundua kasoro, kumbe wamesoma tu maelezo ya bidhaa.

Sasa fikirieni safari yenyewe, maana hapo ndipo wabishi wetu hawataki kufika. Mtu wa Kitui au Makueni anafanya kazi Nairobi. Ijumaa jioni anashika barabara ya Mombasa, akifika makutano ya Machakos anakata kushoto. Wa Kitui atapita Masii na Wamunyu, wa Makueni ataelekea Wote. Mwingine hakati popote, ananyoosha Salama, Sultan Hamud, Emali, Makindu huku akicheza kamari ya kuyapita malori. Hiyo yote ni lami, zaidi ya kilomita mia moja. Hata Ikutha na Mutomo, ambako zamani ulifika ukiwa na rangi ya udongo, siku hizi lami ya Kibwezi hadi Kitui inapita. Lakini nyumbani si kwenye lami! Nyumbani ni kilomita nane, kumi na mbili, ishirini kutoka kwenye lami: marram yenye mawimbi kama bati, korongo lililokatwa na mvua ya Novemba, mto mkavu uliojaa mchanga, halafu kipande cha mwisho kilichochimbwa na wanakijiji kwa majembe.

Probox inaiweza ile mia ya kwanza bila jasho. Prado inaipenda ile kumi ya mwisho. Kila mmoja anasifia gari lake kwa kipande chake cha safari na kukinyamazia kingine. Hivi sivyo tunavyopima mfumo. Ukiandika programu inayong'aa kwenye hali moja ngumu lakini inakula kumbukumbu yote siku nyingine zote, mteja atakufukuza. Ukiandika inayokwenda kasi mpaka siku data inapokuwa chafu, halafu inaanguka, atakufukuza pia. Krosova imeandikwa kwa ajili ya kazi nzima, na raha ya mwenye nayo inaanzia hapo.

Raha yenyewe ni sentimita sita. Mazda CX-5 ina milimita 210 kati ya tumbo lake na ardhi, Forester ina 220. Saluni ndogo nyingi ziko karibu na 150 au chini ya hapo. Tofauti ni upana wa vidole vinne hivi, na mtu akiisoma kwenye karatasi anacheka. Basi aendeshe saluni kwenye marram hiyo, aone anavyoendesha: macho yako chini, anahesabu mawe, anachagua gurudumu lipi lipite juu ya tuta la katikati, anasubiri ule mlio wa ekzosi ikiguswa. Hawezi kuzungumza na mtu. Anafika amechoka kama aliyetembea. Zikiongezwa sentimita sita, mawe mengi yanaacha kuwa maamuzi. Mawe ni yaleyale ila huyafikirii tena. Nafasi ya kichwani inarudi, unasikiliza hadithi za nyuma, unaona kwamba mahindi ya fulani yamekauka, unawahi kumwona mbuzi. Kwa lugha yetu, mchakato mmoja mzito umezimwa na kompyuta nzima imepata kupumua. Mtu anayeita hilo maringo hajawahi kuliendesha gari hilo na watoto watatu nyuma.

Na kiti je? Mama yangu ana magoti mabaya. Kuingia saluni kwake ni kuanguka, na kutoka ni kuvutwa. Kuingia Prado ni kupanda. Kwenye krosova anageuka tu na kukaa, kwa sababu kiti kiko karibu usawa wa nyonga yake. Hakuna gazeti la magari linaloandika habari hiyo kwa herufi kubwa, lakini ulizeni wenye magari haya wanaobeba wazazi kwenda hospitali Kitui mjini au Wote. Hiyo ndiyo sababu yao ya kwanza.

Tuje kwenye ile ya "haliingii porini". Hapa nawaomba mtulie, maana kuna kitu kizuri kuliko programu nyingi nilizowahi kuziona. CR-V ya 1995 ilikuwa na pampu mbili za mafuta nyuma, moja ikizungushwa na mwendo wa magurudumu ya mbele, nyingine na ya nyuma. Yote yakizunguka sawasawa, mafuta yanayosukumwa na pampu ya kwanza yanafyonzwa na ya pili, na hakuna linalotokea. Magurudumu ya mbele yakianza kuteleza, pampu ya mbele inaizidi ya nyuma, mgandamizo unapanda, unabana klachi, na nguvu inakwenda nyuma. Basi! Hakuna kompyuta humo. Ni IF moja tu iliyoandikwa kwa mafuta. (Ningempa kazi aliyeibuni bila kumwuliza cheti.)

X-Trail za zamani zilichukua njia nyingine, klachi inayobanwa kwa sumaku ya umeme ikiongozwa na kompyuta, na kitufe chenye hali tatu: 2WD, AUTO na LOCK. Kwenye lami unaiacha AUTO na unaisahau. Mchanga wa mto ukiuona mbele, unaweka LOCK kabla ya kuingia. Nasema kabla, maana wengi huibonyeza wakiwa wameshazama mpaka bampa. Punguza upepo wa tairi, zima ule mfumo wa kuzuia gurudumu kuteleza (unapunguza nguvu ya injini pale hasa unapoihitaji), ingia kwa mwendo mmoja na usisimame katikati. Je, itapanda jabali? Haitapanda. Mimi nyumbani sipandi jabali. Nabeba magunia ya maembe.

Ila kuna jambo wenzangu wa krosova hawapendi liseme. Nyingi za barabarani zinavutwa na magurudumu ya mbele tu. Sura ni ileile, jina lilelile, kimo kilekile. Kabla hujatoa pesa za SACCO, inama utazame chini: kama huoni shafti inayotoka kwenye giaboksi hadi nyuma na difu katikati ya magurudumu ya nyuma, umeonyeshwa kimo peke yake. Kwa mwenye kilomita tano za marram kavu inatosha kabisa. Kwa mwenye mto wa mchanga mlangoni, haitoshi.

Na kuna maji. Hapa sina mzaha. Mito mingi ya Kitui na Makueni hukaa mikavu miezi mingi, halafu inashuka ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali, pale ulipo jua likiwaka. Mtu aliyekaa juu anajiona yuko salama. Hebu tufanye hesabu. Krosova ina urefu wa mita 4.5 na upana wa mita 1.8 hivi, yaani kama mita 8 za mraba. Kila sentimita 10 za maji juu ya tumbo lake zinasukuma maji ya kama kilo 800. Gari lenyewe lina kilo 1,500 hivi. Kwa hiyo zikifika sentimita kama 19 juu ya tumbo, uzito wake wote umebebwa na maji. Jumlisha zile 21 za chini: 40. Haijafika hata goti la mtu mzima! Ni kweli maji huingia ndani polepole na chini ya gari si bapa, lakini gari halihitaji kuelea kabisa. Likiwa jepesi tu, tairi hazishiki zege la drifti, na mkondo unafanya uliobaki. Fowili haisaidii kitu kwa tairi isiyokanyaga chini. Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na mto Enziu karibu na Mwingi, wakafa watu zaidi ya 30. Hilo lilikuwa basi, lenye uzito mara nyingi wa X-Trail yako. Zile sentimita sita ni za mawe. Mto ukishuka, zima injini, ununue maembe, usubiri.

Nimewatetea wabunifu wa gari hili muda wote, sasa niwageukie. Kila kinachofurahisha humo ni kile usichokiona. Ile klachi haijawahi kukuuliza swali. Halafu unainua macho unakutana na kioo cha katikati kinachozungumza Kijapani. Redio yake ilitengenezwa kwa masafa ya Japani, 76 hadi 90 MHz (mpya hufika 95), wakati vituo vyetu vinakwenda mpaka 108. Kwa hiyo mtu wa Ukambani amenunua gari la mamilioni na hawezi kumpata Musyi FM mpaka anunue kile kidude cha kushusha masafa, halafu awe anapiga hesabu kichwani: kikishusha kwa 20, kituo cha 102.2 hutokea 82.2. Siku betri ikifa au ikitolewa, redio nyingi hujifunga zenyewe na kudai kadi ya ramani au namba ya siri, tena kwa Kijapani. Ramani ya nchi gani? Ya Japani! Gari limelipiwa ushuru wote, lina jina la mwenyewe kwenye rekodi, lakini redio haimtambui.

Na mambo hayaelekei kupungua. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo kila mwaka tunapokea kizazi kipya cha programu. Forester zenye EyeSight zina kamera mbili nyuma ya kioo cha mbele zinazopima umbali kama macho yetu. Kazi nzuri mno. Lakini jua la jioni likizipiga usoni zinajizima kwa muda, na jiwe la lori likivunja kioo, kioo kipya hakitoshi, kamera nazo zinatakiwa kusawazishwa upya kwa vifaa ambavyo makanika wa Mutomo hauziwi dukani. Giaboksi za CVT nazo zinataka mafuta yao maalumu, na ukimwekea ya kawaida kwa sababu duka la jirani halina mengine, utalia. Mimi sisemi teknolojia hiyo irudishwe Japani. Nasema aliyeiandika alijua gari litaishi miaka ishirini na mmiliki wa pili atakuwa bara jingine. Kuweka Kiingereza kwenye menyu na kitufe cha kufungua redio kungemgharimu wiki mbili za kazi. Najua, maana ndiyo kazi ninayofanya.

Kuhusu mafuta ya petroli, wabishi wa Probox wana haki na sitawanyang'anya. Langu hunipa kama kilomita 11 kwa lita kwenye safari ndefu, wao wanapata zaidi. Nalipa tofauti hiyo kila Ijumaa nikijua ninachonunua.

Na anayebisha bado, tukutane vilima vya Mbooni, kwenye njia isiyo na lami, siku moja baada ya mvua. Aje na Probox yake. Kamba ya kuvutia nitaleta mimi.