Kuvu Ukutani si Uchafu wa Mfanyakazi



Kila mvua ndefu zinaponyesha hapa Nakuru, Njoro na Molo, kuta za nyumba nyingi za wafanyakazi huota madoa meusi. Tukilalamika, twajibiwa kwamba hatujui usafi. Jibu hilo twalikataa, na twataka kila mwanachama aweze kulikataa kwa hoja.

Mbegu za kuvu zimo hewani kila mahali, hata nyumbani kwa meneja. Zinangoja maji tu. Ukuta mkavu hauoti kuvu. Ukuta wenye unyevu huota hata ukifutwa kila siku. Basi swali la kuuliza ni hili: maji yatoka wapi?

Jambo hili si dogo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya unyevu na kuvu majumbani, likaeleza kwamba wakaaji wa nyumba hizo huzidi kupatwa na kikohozi, kubanwa kifua na pumu. Mwongozo huo haukuweka kiasi cha kuvu kinachoruhusiwa. Ulitaka unyevu wenyewe uzuiwe. Kwa hiyo mtu asituambie tungoje mtaalamu na mashine yake. Macho na pua zatosha kuanza.

Kagueni hivi. Vuteni kitanda na kabati, mtazame nyuma yake. Doa likianzia chini, karibu na sakafu, maji yapanda kutoka ardhini au mtaro umeziba. Likiwa juu, chini ya mabati, paa lavuja. Likitapakaa pembeni na dirishani, huenda ni mvuke wa sufuria na pumzi za watu wengi katika chumba kimoja, ambao hugeuka maji usiku wa baridi. Mkiwa na shaka, bandikeni kipande cha nailoni ukutani, mkizibe pande zote, mkiache siku mbili. Maji yakionekana upande wa ndani, yatoka ukutani. Yakionekana upande wa nje, yatoka hewani mwa chumba.

Ndugu zetu wa Naivasha wana sababu zaidi ya kukagua. Mwaka 2020 ziwa lilipofurika, maji yaliingia nyumba za Kihoto. Ukuta ulionyweshwa hivyo hukaa na unyevu muda mrefu, ingawa kwa nje waonekana umekauka.

Sehemu yetu tuifanye. Tufungue madirisha mchana, na wakati wa kupika. Tuanike nguo nje. Tusugue madoa kwa sabuni na maji, kisha tukaushe. Lakini sabuni haizibi paa, wala rangi mpya haikaushi ukuta. Mwenye nyumba akipaka rangi juu ya kuvu, ameificha tu, na mvua ijayo itaifunua.

Sheria nayo ipo. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba inayofaa kwa gharama yake mwenyewe, au amlipe kodi ya kutosha kupata nyumba inayofaa, isipokuwa pale mapatano yamekwisha kuitia kodi hiyo ndani ya mshahara. Twauliza: nyumba inayomkohoza mtoto usiku kucha, yafaa kwa nani?

Basi, mkiona doa, andikeni tarehe, namba ya nyumba, mahali lilipo doa na maji yatokako. Jirani naye aandike ya kwake. Mpelekeeni mjumbe wa chama karatasi hizo, nanyi mbaki na nakala. Mtu mmoja akilalamika kwa mdomo, huambiwa ni mchafu. Nyumba ishirini za laini moja zikileta karatasi ishirini zenye neno lile lile, paa lavuja, hakuna atakayesema tena habari ya ufagio.

Umoja ni nguvu.