Samaki wapimwe mara moja, cheti kikubalike nchi zote tatu

Gari lenye vifaranga vya sato haliwezi kusubiri mpakani kama lori la saruji. Vifaranga husafirishwa ndani ya mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni, na jua likipanda, maji hupata moto na hewa hupungua. Ofisa wa upande wa pili akikikataa cheti cha upande wa kwanza na kudai vipimo vifanywe upya, mwenye mzigo anaweza kupoteza kila kitu kabla ya jioni. Na gari hilohilo ndilo linaloweza kuhamisha ugonjwa kutoka bwawa la nchi moja hadi vizimba vya nchi nyingine.

Ugonjwa wenyewe si hadithi. Virusi vinavyoua sato vilielezwa kwa mara ya kwanza na watafiti wa Israel mwaka 2014, na mwaka 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likatoa tahadhari kwa nchi zote zinazofuga samaki huyo. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliopima samaki 191 kutoka upande wa Uganda na wa Tanzania wa Ziwa Victoria. Sampuli 28 za viungo vyao zilikutwa na alama za virusi hivyo, hasa za bandama na figo, ingawa hapakuwa na mlipuko wa ugonjwa. Mlaji hana la kuhofia, kwa sababu virusi hivi havimdhuru binadamu. Anayeweza kuumia ni mfugaji, na baada yake ni mchuuzi anayemtegemea.

Jicho la mkaguzi halikuweza kuona hilo. Kilichoona ni kipimo cha vinasaba, PCR, kilekile ambacho madereva wa Malaba na Busia walikifahamu kupitia pua zao wakati wa Korona. Mtaalamu huchukua kipande kidogo cha kiungo cha samaki, na mashine huzidisha alama ya virusi hadi ionekane. Sampuli ikishafika maabara, jibu hupatikana ndani ya saa chache. Siku hizi hata maji yenyewe yanaweza kupimwa, maana samaki na vimelea huacha ute na chembe zao majini. Chupa chache zikichujwa vizuri zinaweza kuonyesha kiumbe mgeni kabla mvuvi yeyote hajamnasa. Bandari za mbali hutumia njia hiyo kuwasaka viumbe wa baharini wanaosafiri na meli.

Lakini wafanyabiashara wana haki ya kuuliza, kwa sababu wanakumbuka mwaka 2020. Madereva walilala siku kadhaa kwenye foleni wakisubiri majibu, na kule Namanga dereva aliyepimwa upande mmoja alitiliwa shaka upande wa pili, hadi Kenya na Tanzania zikavutana hadharani. Mashine hazikuwa na kosa kubwa. Tatizo lilikuwa kwamba kila nchi iliamini maabara yake peke yake. Afueni ilianza kupatikana Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanzisha mfumo wa kielektroniki wa kupashana majibu ya madereva. Kama jambo hilo liliwezekana kwa binadamu katikati ya janga, haieleweki kwa nini lishindikane kwa samaki wakati wa utulivu.

Kipimo nacho kina mipaka yake, na sheria yoyote itakayotungwa lazima iiseme wazi. PCR huona alama za virusi hata kama virusi vyenyewe vimekwisha kufa, kwa hiyo jibu la "vipo" kwenye samaki wa barafu si sababu ya kumwaga mzigo wa mtu. Idadi ya sampuli pia ni jambo zito. Tuseme samaki mmoja kati ya saba ana virusi. Ofisa akichukua wawili tu, mara saba kati ya kumi hataona kitu. Akichukua thelathini, nafasi ya kukosa inashuka chini ya moja kwa mia. Viungo vya samaki watano vinaweza kuchanganywa katika kipimo kimoja ili kupunguza gharama. Cheti kisichosema ni samaki wangapi waliopimwa hakistahili kulipiwa hata shilingi.

Lingine ni kuhusu dagaa, ambao Kenya huitwa omena na Uganda mukene. Wachuuzi wanamjua yule mnyoo mweupe anayekutwa tumboni mwa dagaa. Mnyoo huyo hukulia ndani ya samaki aliye hai, kisha hukamilisha maisha yake ndani ya ndege wa majini. Akishakaushwa juani pamoja na dagaa, safari yake imekwisha. Watafiti wana sababu ya kumfuatilia ziwani kwa vinasaba, lakini hakuna sababu ya kumzuia mama mwenye magunia matatu pale Sirari kwa jina la ukaguzi wa vimelea. Nguvu ielekezwe kwenye samaki hai.

Tanzania ina asilimia 51 ya ziwa, Uganda 43 na Kenya 6, ila mnunuzi wa nje huliona ziwa moja. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipofunga soko lake kwa hofu ya uvuvi wa sumu, viwanda vya minofu vya nchi zote tatu viliumia.

Kwa hiyo kipimo kifanyike mahali vifaranga vinapototoleshwa, kabla ya kupakiwa, na gharama ya ufuatiliaji ibebwe na serikali, kama inavyobebwa kwa magonjwa mengine ya mifugo yanayovuka mipaka. Taasisi za utafiti wa uvuvi zipo Kisumu, Mwanza na Jinja. Zipelekewe sampuli zilezile bila kuambiwa ipi ina virusi, kisha majibu yao yalinganishwe. Maabara itakayokosea irekebishwe kwanza. Majibu yawekwe kwenye daftari moja la kielektroniki chini ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, ambalo tayari lina makao yake Jinja. Ofisa wa Mutukula atabaki na kazi ya kuangalia lakiri, kulinganisha namba na kuliruhusu gari lipite kabla maji hayajapata moto.