Kicheko cha Usiku wa Ijumaa



Mwezi huu tumeonelea tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulidhani dogo, nalo ni kicheko. Hatukusudii kicheko cha mtu na mwenziwe barazani, bali kile kinacholetwa majumbani mwetu na televisheni baada ya sala ya Isha, saa ambayo watoto walipasa wawe wamekwisha lala. Tangu umeme wa gridi ya taifa ulipofika hapa Songea mwaka 2018 kwa njia ya Makambako, na mashine za dizeli zikapumzishwa, taa za mji huu hazizimiki mapema kama zamani. Neema hii twamshukuru Mwenyezi Mungu kwayo. Lakini kila neema tutakuja kuulizwa tuliitumiaje, na mgeni aliyeingia sebuleni pamoja na umeme huo yatupasa tumjue vema kabla hatujamkalisha katikati ya watoto wetu.

Alhamisi moja ya karibuni, usiku wa kuamkia Ijumaa, tulikaa watu wa nyumba moja, wakubwa kwa wadogo, tukakitazama kipindi kimoja cha vichekesho tangu saa nne hata mwisho wake. Jina la kipindi na la kituo hatulitaji, kwani makusudio yetu ni nasaha, si fedheha. Kilikuwa na michezo mifupi minne, nasi tutaieleza mmoja mmoja kwa insafu, tukisifu kinachostahiki sifa na kukosoa kinachostahiki kukosolewa.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa karani wa ofisi. Mzee mmoja amefuata cheti chake, na kila akija karani humwambia kuwa muhuri umefungiwa, au mwenye ufunguo ametoka, au kwamba mambo kama haya hayaendi bila ya chai. Siku ya tatu yule mzee akaja na chupa ya chai ya moto na maandazi kumi, akamimina kikombe mbele ya watu wote, akasema, "Haya mwanangu, chai yenyewe hii, kunywa upate nguvu ya kugonga muhuri." Tulicheka wote, wala hatuoni haya kulisema. Kicheko kile kilikuwa na haki ndani yake, kwani kilimwendea mwenye nguvu anayemdhulumu mnyonge, na kilichosemwa ni kweli ambayo kila mmoja wetu anaijua.

Wa pili ulikuwa wa msomaji wa taarifa ya habari, ambaye katikati ya habari za ulimwengu akajikuta anasoma habari za deni lake mwenyewe la kodi ya nyumba. Huu nao haukuwa na neno. Mtu akijicheka mwenyewe hamdhuru jirani yake.

Mchezo wa tatu ndio uliotukalisha kimya sisi watu wazima. Kijana mwanamume alivaa khanga, akajifunga mto mgongoni awe kibiongo, akaingia mjini kama bibi aliyetoka kijiji cha kusini. Hakikuwamo kisa chochote. Bibi alitamka neno kwa lafudhi ya kwao, watu wakacheka. Akapiga hatua moja kwa fimbo yake, wakacheka. Akauliza njia, wakacheka zaidi. Tuliyache hayo ya mwanamume kujifananisha na mwanamke, ambayo hukumu yake katika hadithi za Mtume (s.a.w.) inajulikana. Twauliza hili tu: bibi yule alikosa nini? Hakuiba wala hakudhulumu. Kosa lake lilikuwa uzee, umaskini na ulimi wa kwao.

Wa nne ulikuwa wa maalimu wa chuo. Alivaa kofia na kanzu fupi iliyompita magoti kidogo, akakaa mbele ya watoto, akawasomesha maneno yasiyo na maana yoyote, ila yamevutwa kwa sauti ya msomaji wa Kurani, nao wakimuitikia. Watoto wetu ndio waliocheka kuliko wote, na sababu yake haijifichi: sauti ile wanaijua. Waliisikia chuoni alasiri ya siku ile ile. Katika Suratut Tawba, aya ya 65 na ya 66, Mwenyezi Mungu ametaja watu waliofanya dhihaka kisha wakajitetea kuwa walikuwa wakipiga porojo na kucheza tu, na udhuru wao haukukubaliwa. Hatumhukumii mtu moyo wake, kwani huenda mchezaji yule hakujua alichokigusa. Lakini sisi tunaojua hatuna udhuru wa kukaa tukitazama hata mwisho.

Asije mtu akadhani kuwa dini yetu imekataza furaha. La, hasha! Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akitabasamu na akifanya mzaha na masahaba wake. Mtu mmoja alimwomba mnyama wa kupanda, akamwambia atampandisha juu ya mtoto wa ngamia. Yule mtu akastaajabu, mtoto wa ngamia atamfaa nini? Akakumbushwa kuwa kila ngamia, hata awe mkubwa vipi, amezaliwa na ngamia. Na siku ya Idi, Wahabeshi walipocheza kwa mikuki msikitini Madina, Mtume (s.a.w.) alimwacha Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, awatazame hata alipotosheka mwenyewe. Masahaba walipomwuliza juu ya mizaha yake, aliwajibu kuwa hasemi ila lililo kweli. Basi mpaka umewekwa hapo. Tena amemwonya mara baada ya mara mtu asemaye uwongo ili awachekeshe watu.

Na juu ya kuigiza watu, khabari iko wazi zaidi. Wamepokea Abu Daud na Tirmidhi kuwa Bibi Aisha alitaja kimo cha mke mwenziwe kwa neno moja tu la kumdunisha, naye Mtume (s.a.w.) akamjulisha kuwa neno lile lingechanganywa na maji ya bahari lingeyachafua. Bibi Aisha akaeleza kuwa aliwahi pia kumwigiza mtu mmoja mbele yake, naye akasema hapendi kumwigiza mtu hata apewe mali kadha wa kadha. Nayo Suratul Hujurat, aya ya 11, imekataza watu wasiwafanyie stihizai watu wengine, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, kwani huenda anayechekwa ni bora mbele ya Mola wake kuliko anayecheka.

Nchi yetu haikuanza jana kuwa na wachekeshaji. Wazee wanaikumbuka Radio Tanzania na mchezo wa Pwagu na Pwaguzi, jina lililotoka katika methali yetu isemayo kuwa pwagu hupata pwaguzi, yaani mjanja hukutana na mjanja aliyemzidi. Kisha wakajulikana kina Mzee Small, yaani marehemu Said Ngamba aliyefariki mwaka 2014, na Mzee Majuto wa Tanga, yaani marehemu Amri Athumani aliyefariki mwaka 2018. Mwenyezi Mungu awarehemu. Katika michezo yao mingi, mjinga wa kuchekwa alikuwa ni wao wenyewe: Majuto ndiye mwenye tamaa, Majuto ndiye anayeumbuka. Baada ya televisheni kuanza Tanzania bara mwaka 1994 likaja kizazi kingine, na katika miaka ya 2000 kundi la Ze Comedy la kina Joti, Masanja, Mpoki, Vengu, Wakuvanga na Mac Regan likavuma kutoka EATV, na baadaye likaonekana TBC1 kwa jina la Orijino Komedi. Hawa waliifanya kazi ya kuigiza watu kuwa ufundi unaojulikana nchi nzima, na vijana wengi wakafuata nyayo zao. Ufundi wao hatuukanushi. Kila ufundi ni kisu, na kisu hukata nyama ya kitoweo, hukata na kidole cha mtoto.

Sasa tukisema hivi, hujibiwa upesi kuwa, "Ah, huo ni utani tu! Ninyi watu wa Songea hamjui utani?" Twaujua sana. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali kati ya mwaka 1878 na 1882, damu nyingi ikamwagika, na baada ya vita vile wakawa watani hata leo. Mngoni akikutana na Mhehe sokoni watatupiana maneno ambayo mtu mgeni angedhani yataleta ngumi, kumbe ndiyo salamu yao. Ila utani una sharti zake. Ya kwanza, mtani yupo mbele yako, anakusikia. Ya pili, naye ana mdomo, na kile ulichompa atakurudishia pengine kwa ziada. Ya tatu, ndiyo kubwa, utani ni deni. Ukifiwa, mtani wako huja, akakutania hata katika huzuni yako, lakini jembe la kuchimba kaburi analishika. Anayekucheka ndiye atakayekuzika.

Basi tuulinganishe utani huo na yale tuliyoyaona. Bibi wa kijijini hakuwapo studio. Hakuulizwa, wala hakupewa nafasi ya kujibu. Na siku atakapougua, hakuna hata mmoja katika waliomcheka atakayempelekea uji. Jambo la upande mmoja namna hii haliitwi utani. Kwa Kiswahili chetu jina lake ni dhihaka.

Tena yapasa tutazame dhihaka hiyo humwendea nani. Mkubwa akichekwa anayo njia ya kujibu. Mwaka 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa na polisi Dar es Salaam baada ya kuenea video iliyomwonyesha akiicheka picha ya zamani ya Rais John Magufuli, na khabari yake ikasikika hata nje ya nchi. Hatuisemi kesi hiyo kwa kuihukumu, bali kwa kuonyesha kuwa kumcheka mwenye nguvu kuna gharama. Kumcheka bibi kizee, maalimu wa chuo, kiwete, kigugumizi, au mtu wa kabila la mbali, hakuna gharama yoyote duniani. Kwa hiyo kicheko hufuata njia ya maji, kikateremka kwa walio chini. Mchezo wa karani na chai ulipanda mlima, ndiyo maana tukausifu. Mtume (s.a.w.) ameihesabu kauli ya haki mbele ya mtawala dhalimu kuwa katika jihadi iliyo bora, lakini hatukupata kusikia kuwa kumcheka mnyonge kumehesabiwa kuwa ushujaa.

Huenda msomaji akasema kuwa bibi wa televisheni si mtu wa kweli, basi ameumia nani? Jibu tunalo katika mtaa wetu. Iko nyumba moja ambayo bibi yao amezoea kuzungumza Kiswahili chenye ladha ya Kingoni, na kila baada ya chakula cha usiku akiwahadithia wajukuu visa vya wazee. Walipozoea vipindi hivi, wakaanza kumkatiza na kumrudishia maneno yake kwa sauti ile ya televisheni, huku wakiinamisha migongo. Bibi hakukasirika. Alicheka nao siku ya kwanza na ya pili. Baadaye akawa akimaliza kula huaga na kwenda chumbani kwake, na siku hizi hadithi hakuna. Hakuna aliyempiga wala aliyemtukana, lakini ulimi wake umefungwa, na wajukuu hawajui walichokipoteza. Twaogopa kuwa hata chuoni itakuwa hivyo hivyo: mtoto aliyemcheka maalimu usiku, asubuhi ataona haya kuvuta sauti ya Kurani, asije wenziwe wakamwona ni mchezaji.

Enyi wazazi, hatuwaambii mkavunje televisheni zenu. Twawaambia mkae pamoja na watoto mnapotazama, na mseme. Mchezo ukiwa wa haki, chekeni nao. Ukigeuka dhihaka, waulizeni, "Huyu anayechekwa angekuwa ni bibi yenu, amekaa hapa kwenye mkeka, mngecheka?" Kisha zimeni. Mtoto atalikumbuka swali hilo kuliko fimbo. Na saa pia ziangalieni: Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo ya bure baada yake. Anayecheka hata saa sita za usiku, Alfajiri itamwitia asiyesikia, tena Alfajiri ya siku bora ya juma.

Nanyi vijana, siku hizi kila mmoja wenu ni mwenye kituo, kwani simu ya mkononi hupiga picha na kuzipeleka dunia nzima kabla chai haijapoa. Mnao ufasaha na mnayo akili, na dhuluma za kuchekeshea watu hazijapungua katika nchi. Chekesheni, lakini mjitazame kwanza ninyi wenyewe, na mtazame juu kabla ya kutazama chini. Na kabla hamjampeleka mtu mitandaoni kwa namna alivyotembea au alivyotamka, kumbukeni kuwa malaika wawili nao wanaandika, na maandishi yao hayafutiki kwa kubonyeza kidole.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azijaze nyumba zetu furaha isiyo na madhambi, azihifadhi ndimi zetu na heshima za wazee wetu, na awafungulie njia ya kheri wale wote wenye kipaji cha kufurahisha watu. Amin.

Wabillahi tawfiq.