Nesi Ni Nani?

Katika wodi za Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kiutazamacho mji wa Mwanza, karibu kila mwanamke aliyevaa sare huitwa nesi. Mkunga ni nesi. Muuguzi mwenye shahada ni nesi. Hata mhudumu apigaye deki huitwa nesi na mgonjwa aliyeshuka melini kutoka Nansio. Muuguzi mwanamume peke yake ndiye huepuka jina hilo, naye aghalabu huitwa daktari, jambo ambalo nalo si kweli.

Neno hilo limetokana na "nurse" la Kiingereza, ambalo shina lake la Kilatini lahusu kulisha na kunyonyesha. Hata leo Waingereza hulitumia kwa mama anyonyeshaye. Kiswahili kilishika njia yake. Kuugua ni kuwa mgonjwa, na kuuguza ni kumtunza anayeugua. Mwanafunzi wa sarufi hustaajabu hapa, maana kwa mfano wa kuingia na kuingiza, kuuguza kungekuwa kumtia mtu ugonjwa!

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 yataka muuguzi asajiliwe na awe na leseni. Lakini mkazi wa Ukerewe asemapo "namuuguza mama", hana leseni yoyote. Ndiye ampikiaye mgonjwa uji, amwoshaye, na kumgeuza kitandani usiku. Huo ni uuguzi kwa maana ya asili ya neno, nao hospitalini hauna jina. Huitwa "ndugu wa mgonjwa", kana kwamba amekuja kusalimu tu.

Madhara yake hayaishii katika kamusi. Mgonjwa amwulizaye "nesi" yeyote habari za vidonge vyake aweza kujibiwa na mtu asiyejifunza dawa. Na ndugu aweza kurudi kisiwani na mgonjwa wake bila kuonyeshwa namna ya kusafisha kidonda, kwa kuwa hakuna aliyemhesabu kuwa anauguza.

Yafaa basi muuguzi libaki jina la mwenye leseni, na ndugu aitwe muuguzaji, jina lake likaandikwa katika faili la mgonjwa, ili siku ya kuruhusiwa ijulikane ni nani wa kufundishwa. Nesi na liendelee mitaani. Huko halimdhuru mtu.