TAHARIRI: KIYOYOZI CHA LORI LETU, TUFUNGUE WENYEWE AU TUITE FUNDI?



Mkutano mkuu unakaribia na maneno yamekuwa mengi. Lori letu la ushirika, ambalo limepita miaka 20 tangu litengenezwe, limekufa kiyoyozi. Wako wanaosema tuache, hiyo ni anasa. Wako vijana wanaosema leteni spana, tutafungua wenyewe, huko ndiko kujitegemea. Wengine wanasema apewe fundi, tulipe, yaishe. Sisi tumeona tuseme mapema, ili siku ya mkutano tuamue kwa akili, si kwa kelele.

Kwanza, je, ni anasa? Hapana, si anasa tupu. Dereva wetu amekaa juu ya injini. Jua la mchana linampiga na moto wa injini unamtoka chini. Akifungua dirisha, anakula vumbi la gari lililo mbele. Dereva aliyechoka kwa joto akili yake huwa nzito, na nyuma amebeba mpunga wetu na pengine watu wetu. Lakini tusidanganyane: lori huenda bila kiyoyozi, bila breki haliendi. Kwa hiyo breki kwanza, tairi pili, kiyoyozi tatu. Asiyekubali mpango huo aseme mkutanoni.

Pili, tujue kitu chenyewe kinafanyaje kazi. Ndani ya paipu mna gesi. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huibana gesi hiyo mpaka ikawa ya moto. Inapita mbele ya rejeta, kwenye kondensa, inapoa na kuwa maji. Halafu inapenya tundu jembamba, inatanuka na kuwa baridi sana. Feni inapuliza hewa juu ya ubaridi huo, nayo inaingia kwa dereva. Basi, gesi inazunguka na kurudi. Haiishi kama dizeli. Kama imepungua, imevuja. Shikeni neno hilo! Anayekuja kila baada ya miezi mitatu kutujazia gesi bila kutafuta panapovuja, anatuuzia upepo.

Tatu, kazi tunazoziweza wenyewe, bila kulipa hata senti:
1. Kutazama fyuzi na nyaya za kompresa, kama hazijaungua wala kuliwa na panya.
2. Kutazama mkanda, kama umelegea au umepasuka.
3. Kusafisha kondensa kwa brashi laini na maji ya taratibu. Ikijaa vumbi na pumba haiwezi kupoa.
4. Kusafisha chujio la hewa, kama lipo, na kusikiliza kama feni ya ndani inapuliza.
5. Kutafuta alama za mafuta kwenye maungio ya paipu. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo penye mafuta yaliyoshika vumbi huenda ndipo panapovuja. Maji ya sabuni yatasaidia: pakitoa povu, tumepapata.

Nne, kazi ambazo tunasema MSIGUSE. Msifungue paipu yenye gesi. Gesi ya R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, ikirukia jicho au mkono inaunguza kwa baridi. Msiweke gesi ya kupikia, maana paipu ikipasuka mbele ya injini ya moto, lori na dereva wameondoka. Msijaribu mvujo kwa oksijeni ya kuchomelea, oksijeni ikikutana na mafuta hulipuka. Na tumesikia kijana mmoja anataka kuunga waya moja kwa moja ili kompresa ishike. Kijana, subiri! Magari mengi yana swichi inayozuia kompresa isishike gesi inapopungua. Ukiipita swichi hiyo, kompresa itazunguka bila mafuta ya kutosha na itakufa kweli.

Tena kuna aina za gesi. Magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia R12, ile iliyotoboa tabaka la ozoni. Mataifa yalikubaliana mwaka 1987 huko Montreal kuipunguza. R134a haitoboi ozoni, lakini huongeza joto la dunia, ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali wakakubaliana kuipunguza nayo. Sisi wakulima ndio tunaoliwa na ukame na mafuriko, tusiwe wa kwanza kuimwaga hewani. Gesi hizi mbili hazichanganywi, na mafuta yake ni tofauti. Kibandiko chini ya kichwa cha gari kinaonyesha ni ipi.

Maoni yetu ni haya. Kazi zile tano zifanywe na vijana wetu wiki hii. Zikishindwa, aitwe fundi mwenye geji na pampu ya kunyonya hewa na unyevu, maana mfumo uliofunguliwa usiponyonywa huoza kwa ndani. Atuonyeshe panapovuja kabla ya kujaza. Aandike gharama, atoe risiti, na kifaa kibovu kirudi ofisini tukione. Vijana wawili wasimame naye wajifunze. Kujitegemea si kila mtu kushika kila kitu. Ni kujua unachokiweza na kujifunza usichokiweza. VETA wanafundisha ufundi huu, kwa nini mtoto wa kijiji hiki asiende?

Na kama kompresa yenyewe imekufa na bei yake inakula fedha ya tairi, tuiache. Mkanda wake utolewe, ila fundi aangalie kwanza kama hauzungushi pampu ya maji. Kompresa ikikwama na kukata mkanda huo, injini itachemka njiani na mpunga utalala porini.

Njooni mkutanoni mkiwa mmesoma. Asiyejua kusoma asomewe na jirani yake.

Ushirika ni nguvu. Elimu haina mwisho.

Katibu wa Chama, Tawi